Gari Refu Lisilomtosha Mama

Jumamosi tulikuwa kwenye yadi ya magari, Barabara ya Kangundo. Kaka yangu alikuwa akichagua kati ya gari la spoti la milango miwili na kigari kifupi cha milango mitano. Mama, mwenye magoti mabovu, alikuja kuyakagua.

"Mathe, hii ya spoti ndiyo ndefu," kaka akasema, akivuta futi ya kupimia ubavuni mwa gari.

Ndefu kweli, ila boneti ndiyo imekula urefu, na paa linashuka nyuma hadi utosini mwa anayeketi huko. Kaka akakunja siti ya mbele ili mama apite nyuma. "Ingia, inama kidogo."

Mama akaingiza mguu mmoja, akakwama, akashikilia sketi isipande. Wauzaji wakacheka.

"Samahani," mama akawaambia, "ni mimi nimenenepa."

"Si umpime mama kwanza!" nikamfokea kaka.

"Nyamaza wewe," mama akanikatiza, akamgeukia kaka. "Nunua hiyo, baba. Siku ya pasta kuliombea gari, nitasimama nje."

Niliona aibu hata kumtazama. Sisi wa Eastlands hununua gari ili mtaa utuone. Na utatuona: sisi ndani, mama kando ya barabara, akitupungia mkono.