Mwisho Alioujua Mzee

Karakana ya Doornfontein, hapa Johannesburg, nilikokuwa nikishona sare za shule ilipotupunguzia siku za kazi, jirani aliniambia kwamba kwenye jengo letu la Berea, ghorofa iliyo chini ya yangu, kuna mzee Mmarekani anatafuta mtu wa kumpigia chapa. Uhazili niliusomea Tanga kabla sijahama. Nikashuka kugonga.

Ujanani mzee huyo alikuwa na jina. Tamthilia yake ya kwanza ilijaza kumbi kwao Marekani, zikafuata riwaya tatu. Alikuja Johannesburg kuonyesha tamthilia nyingine, akampenda mwigizaji wake mkuu, wakaoana, akabaki. Nilipomkuta, mke alikwisha kufa, vitabu vyake havichapwi tena, na macho hayaoni herufi. Kilichobaki ni riwaya ya mwisho, nayo ilikuwa kichwani tu.

"Nitasema, dada, wewe uandike," aliniambia. "Tukiwahi."

Kila alasiri alikaa dirishani akisema, nami nikipiga. Riwaya ilianza na mwanamke anayekunja mavazi ya jukwaani baada ya onyesho lake la mwisho. Aliisema vizuri hata mikono yangu ikasita. Wiki ya pili akaisema tena: mwanamke yule yule, mavazi yale yale. Nikadhani anarekebisha. Akaanza tena pale pale.

"Tumefika sura ya ngapi?" akauliza.

Nilimtazama uso, unasubiri kama uso wa mtu aliyefuata majibu ya daktari.

"Ya tatu, mzee."

Uongo huo niliulea. Tukafika ya nne, ya sita, ya tisa. Nilijiambia ni huruma, lakini pia niliogopa kazi kuisha.

Siku moja alimpigia simu bintiye, akamwambia kwa furaha kwamba sura tisa ziko tayari. Binti akapanda ndege akaja.

Alikaa mezani na rundo la karatasi. Mimi nilikuwa jikoni, naosha kikombe ambacho kilikwisha takata. Nilisikia kurasa zikifunuliwa polepole, kisha haraka, kisha kimya.

"Baba," alisema, "ni sura moja. Zote ni sura moja."

Mzee alinigeukia mimi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Wiki ile nilikuwa bado najua inavyoisha. Ungeniambia, ningekusemea mwisho kwanza."

Nilimwomba radhi. Akasema tu, "Andika."

Alasiri tatu tulikaa naye, binti na mimi. Kila alipofumbua kinywa, mwanamke alikuwa anakunja mavazi. "Na baada ya hapo, baba?" binti alimwuliza. Alitafuta, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaanza kujipiga paji la uso kwa ngumi mpaka tukamshika mikono.

Wiki iliyofuata binti aliondoka naye. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, tukamshusha kwa ngazi taratibu, mmoja kila upande. Nilikuwa nimejipanga kumwomba msamaha tena mlangoni. Mzee alinipa mkono, akaniuliza kwa upole kama naishi jengo hili, akanitakia heri katika kazi yangu, yoyote ile.

Gari likaondoka. Nilikaa ngazini mpaka jirani aliponiuliza kama kuna mtu amefariki.