Saluni ya Baba Rose

Mikorosho ile Veridiana aliirithi kwa mama yake, na mtaa wao mzima pale Newala ulilijua hilo. Kwa hiyo msimu ambao wanunuzi binafsi waligombania korosho mpaka bei ikapaa, na mumewe Selestini akasema sasa na sisi tununue gari, Veridiana aliamini mchaguaji ni yeye.

Alijua anachotaka. Kila wiki alipanda juu ya lori na marobota yake ya vitenge kwenda mnadani Tandahimba, akarudi na vumbi hadi kwenye meno.

Kwa Ashraf, muuza magari wa Masasi, yalikuwapo mawili, yote yametumika Japani. La kwanza saluni ndefu nyeusi, gari la chini la kutembelea, viti vya ngozi, vioo vya kubonyeza. La pili fupi, limeinuka, limebeba tairi la akiba mgongoni.

Veridiana aliinama akachungulia chini ya saluni. "Baba Rose, hili litapita wapi? Mchanga wetu unaujua. Hili fupi linavuta kwa magurudumu yote manne, na marobota yangu yanaingia."

"Mama Rose, hilo ni la kubebea mihogo." Selestini alikwisha kaa kwenye ngozi. "Miaka yote ya ualimu nimesimama kando ya barabara na wanafunzi, tukiwapungia wakubwa wanapita na magari kama haya. Na mimi nipite."

"Mwalimu limemkaa," Ashraf akasema.

Veridiana hakupenda kubishana na mumewe mbele ya mgeni. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo. Lile fupi lilinunuliwa na Emilia, muuguzi wa Ndanda aliyewahi kuimba kwaya na Veridiana.

Saluni ikawa gari la harusi na misiba ya watu. Mnadani haikwenda hata siku moja. "Marobota yatachana ngozi," alisema Selestini. Veridiana akaendelea kupanda lori.

Kisha binti yao Rose akapata mchumba wa Lupaso, na ndoa ikapangwa kufungwa huko. Selestini aliifunga saluni riboni nyeupe, akaendesha mwenyewe. Karibu na kijiji mchanga ukawa mzito. Gari likayumba, likashuka, tumbo lake likagonga jiwe. Oili ikamwagika. Wanaume waliotoka mashambani walisukuma mpaka wakachoka. Bibi harusi alisimama juani, shela mkononi.

Gari la Emilia likatokea nyuma, likapita kando yao kwenye mchanga uleule, likasimama. Alikuwa amealikwa.

"Baba Rose, twende. Padri anasubiri," alisema Veridiana.

"Niliache porini liibiwe vioo? Tangulieni, nakuja."

"Unamwingiza nani kanisani, mtoto au gari?"

Selestini alimtazama Rose, akaitazama saluni. "Nakuja, nimesema."

Hakuja. Veridiana ndiye aliyemshika Rose mkono hadi altareni. Watu walidhani machozi yake ni ya furaha.

Selestini alifika akivutwa na trekta, watu wakiwa wanakula. Alisimama nyuma ya mkewe, mikono imejaa oili.

"Alilia?"

"Alikuwa anageuka kutazama mlango. Nawa, ule."

Gari likatengenezwa, na Jumamosi iliyofuata Selestini alikuwa analifuta kama kawaida.

Msimu uliofuata Veridiana aliuza korosho yeye mwenyewe, akaenda Masasi peke yake. Palikuwa na gari fupi jingine, jekundu.

"Shikamoo mama," alisema Ashraf. "Mwalimu yuko wapi, tuzungumze?"

"Marahaba. Mikorosho ni yangu. Zungumza na mimi."

Ashraf akaona haya, akataja bei. Veridiana alimsikiliza hadi mwisho. Mwaka ule bei ya korosho ilikuwa imeanguka; alichokuwa nacho hakikufika hata nusu. Na ile saluni ambayo ingeuzwa kujazia haikuwa na mtu wa kuitaka, kwa kuwa wote walishasikia habari za Lupaso.

Aliaga, akaenda kutafuta lori la kurudi Newala. Dereva akamwambia nafasi ya mbele imejaa. Akakaza kanga kiunoni, akakanyaga tairi, akapanda juu.