Mfuko Mweusi Mlangoni

Chuo kilitupeleka miji minne ya Ulaya kwa siku tano, kila mahali tunakimbizwa kama mbuzi wa mnada. Paris, mlangoni pa jumba la makumbusho, nikakuta zulia jekundu safi. Mimi nimelelewa kijijini Pande, zulia sikanyagi na viatu. Nikavivua, nikavifunga kwenye mfuko mweusi visiibwe, nikauacha pembeni nikaingia na soksi.

Punde kengele ikalia. Tukatolewa wote mlango wa nyuma, askari wanasema kuna mzigo wa kutiliwa shaka. Saa nzima tumesimama kwenye baridi.

“Mwalimu, mpumbavu gani huyu anayetuharibia safari?” nikafoka.

“Watampata tu, Saidi,” akasema. Kisha macho yake yakashuka kwenye soksi zangu, kidole gumba kimechungulia nje.