Insha ya Ng'ombe wa Mjomba

Barua iliponifikia ilikuwa imekwisha kusomwa na watu wanne. Mwenye duka pale njia panda, aliyekuwa akitupokelea barua watu wote wa upande wetu wa Old Moshi, alisema aliifungua kwa bahati mbaya, kisha kwa bahati mbaya hiyo hiyo akawasomea wateja. Kwa hiyo mama alijua kabla yangu kwamba insha yangu imekuwa ya kwanza katika mashindano ya wilaya, kwamba nitapewa kikombe siku ya maonyesho kule mjini, na kwamba mshindi ataisoma insha yake mwenyewe kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote.

Niliposoma hilo la mwisho nilikaa chini, hapo hapo mlangoni.

Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, na tangu siku hiyo sikutoka nyumbani. Mama aliwaambia majirani kwamba nasubiri kazi. Kazi nayo, nadhani, ilikuwa ikinisubiri mimi, na kati yetu hakuna aliyekuwa na haraka. Vijana wenzangu walipanda mlima na mizigo ya Wazungu kichwani, wakarudi na makoti. Mimi mlima niliuona vizuri tu kutoka mlangoni, asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Lilipotangazwa shindano la insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu", niliona kwamba hatimaye Serikali imenifikiria.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu: mama, mimi, na ng'ombe. Baba alifariki nikiwa bado mdogo. Wakati ule nyumba nyingi za mlimani ng'ombe alilala ndani, ng'ambo ya meko, na kila usiku nililala nikimsikia akicheua. Niliandika habari zake. Niliandika jinsi mama anavyoshuka tambarare kukata majani na kupanda na mzigo unaomfunika hadi mabegani, na anavyomkatia migomba vipande vidogo kama anayemlisha mgonjwa. Halafu nikaona insha imekuwa fupi. Mwalimu wetu alizoea kusema kwamba insha bila ukweli ni ndizi bila chumvi. Nikatia chumvi. Niliandika kwamba ng'ombe yule si wetu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mwenye ng'ombe hakai nao wote. Mmoja humpeleka kwa rafiki, mwingine kwa dada yake, mbali kidogo. Anayemtunza anapata maziwa na samadi, mwenyewe anapata ndama, na jirani anayependa kuhesabu mali ya watu hapati kitu. Jambo hili kila mtu analijua, na hakuna anayelisema. Mimi nililisema, tena kwa wino.

Ng'ombe wetu alikuwa wa mjomba mdogo wa Kirua Vunjo. Alimweka kwetu ili mama, mjane, asikose maziwa, na ili kaka yake asimwone. Maana mwaka uliotangulia huyo kaka yake, mjomba mkubwa, alimwomba ng'ombe mmoja wa kumsaidia mwanawe mahari. Mjomba mdogo aliapa mbele ya ukoo mzima: "Hata kwato sina." Mama alikuwepo akasikia, akatazama chini. Ndugu zake walikuwa hao wawili tu.

Nilidhani insha itasomwa na Mzungu mmoja ofisini, asiyejua mjomba yupi ni yupi. Hilo la kipaza sauti sikulifikiria.

"Mama," nilisema siku ya tatu, "nadhani nina homa."

Aliweka kiganja kwenye paji langu. "Huna homa. Una woga. Baba yako alikuwa hivi hivi siku ya harusi, na alikuja."

"Labda nisiende. Wanaweza kunitumia hicho kikombe."

"Kwa nani? Kwa mwenye duka? Atakinywea chai." Akaendelea kunyoosha shati langu kwa pasi ya mkaa. "Halafu nimekwisha kuwapelekea habari wajomba zako. Mdogo amesema atakaa mbele kabisa. Mkubwa anakuja hata hivyo, bendi yao ya tarumbeta inapiga."

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye migomba. Nilikuwa sijamwambia mama nilichoandika, na baada ya hapo sikuweza kabisa. Angemrudisha ng'ombe siku hiyo hiyo kwa aibu, na sisi tungebaki na meko na kimya. Nikaamua kitu cha mtu mwoga: nitaisoma insha, aya ile nitairuka. Jioni nilifanya mazoezi mbele ya ng'ombe mwenyewe. Niliruka vizuri sana. Yeye alicheua.

Siku ya maonyesho tulishuka mjini alfajiri, mama na viatu vyake mkononi. Uwanja ulikuwa umejaa. Mikungu ya ndizi ilipangwa kama askari, vikapu, vitambaa vya kushona vya akina mama wa Kilema, kwaya tatu zikisubiri zamu huku zikitazamana vibaya. Mimi nilikwenda chooni mara nne. Niliporudi mara ya nne jina langu lilikuwa likiitwa.

Mjomba mdogo alikuwa mbele kama alivyoahidi, amevaa koti la kuazima, akiwaambia watu kulia na kushoto, "Huyo ni mpwa wangu." Bendi ilikuwa nyuma ya jukwaa, hatua tatu kutoka mgongo wangu, na mjomba mkubwa alikuwa na tarumbeta kubwa kuliko zote. Nilisikia pumzi yake. Pembeni yangu alisimama Mzungu wa elimu aliyesahihisha insha, na mkononi, Mungu wangu, alikuwa na nakala yake na kalamu ya risasi.

Nilisoma. Sauti yangu ilitoka kwenye kipaza sauti kama ya mtu mwingine, tena mgonjwa. Habari za majani watu walizipenda. Kwenye migomba ya vipande mama mmoja alisema, "Kweli kabisa." Nikafika penyewe, nikavuta pumzi, nikaruka.

Kalamu ikagonga karatasi. "Umeruka," alisema Mzungu, kwa upole, kwa Kiswahili cha vitabuni.

"Samahani bwana, muda."

"Muda upo. Sehemu hiyo ndiyo iliyokupa ushindi. Soma tafadhali."

Kipaza sauti kilikuwa kimechukua maneno yake yote. Uwanja mzima sasa ulitaka kujua kulikuwa na nini mle. Nikasoma:

"Lakini ng'ombe huyu si wetu. Ni wa mjomba wangu, aliyemweka kwetu ili kaka yake asijue. Mama anamtunza kama wake, na mimi hujiuliza ng'ombe mwenyewe anadhani ni wa nani."

Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele. Niliinua macho nikaona kitu ambacho sitakisahau: wanaume mamia, wazee wa kanisa, makarani, wakulima, wote wanatazama viatu vyao. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mjomba mdogo alikuwa amejikunja ndani ya koti la kuazima, masikio tu yanaonekana. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha kutoka upande wa wanawake kikatoka kicheko kimoja, kikafuata kingine, na Mzungu akapiga makofi akidhani ndivyo ilivyopaswa.

Nyuma yangu mjomba mkubwa alifuta mdomo wa tarumbeta yake kwa leso, polepole. "Umesoma vizuri, mjomba," alisema. Akaiinua mdomoni. Bendi ikapiga.

Njia nzima ya kupanda mama alitangulia mbele, viatu mkononi. Nilibeba kikombe chini ya koti kama kitu nilichoiba.

Asubuhi mjomba mdogo alikuja na kamba. Nilikuwa nimekwisha kukata jani la isale, mmea ule unaopandwa mipakani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa kwa mtu aliyekosa, na kumpa kwa mikono miwili. Anayepewa isale hawezi kukataa kusamehe, na yeye hakukataa.

"Nimekusamehe," alisema. "Sogea, nimfungue ng'ombe."

Mama alisimama mlangoni na kibuyu kitupu. Walipopotea kwenye migomba alikitazama kikombe changu, pale juu ya kabati, kinang'aa. "Haya," akasema, "kikamue."

Siku ile ilikuwa ndefu. Kabla jua halijazama nikasikia kwato tena. Alikuwa mjomba mkubwa, peke yake, na ng'ombe mwekundu tusiyemjua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mdogo wangu amekwisha kupita?"

"Asubuhi."

"Nimemwona. Anajificha kama mwizi, na ng'ombe ni wake." Akanipa kamba. "Huyu alikuwa Kilema kwa rafiki yangu. Kule hakatiwi migomba kama ulivyosoma."

Mama aliuliza, "Kaka, na wewe ulikuwa umeficha?" Yeye akawa anampapasa ng'ombe shingoni.

"Utamweka kwetu, mjomba?" nikasema. "Baada ya jana?"

"Baada ya jana ndiyo pazuri. Nani atatafuta ng'ombe kwenye nyumba iliyokwisha kutangazwa?" Akaninyooshea kidole. "Ila wewe, kalamu yako."

Tangu hapo sikupumzika. Kila mbwa akibweka nilidhani ni mjomba mdogo, na kwa miezi kadhaa hakuwa yeye. Siku moja akawa yeye. Alikaa, akapewa maziwa, akanywa. Ng'ambo ya meko ng'ombe mwekundu akakohoa. Mjomba mdogo aliutazama upande ule wa giza muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ng'ombe wa nani huyo?"

Mama alikuwa ameshika kibuyu, hatingishiki.

"Wa watu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayetoa maksi, akaomba aongezewe maziwa.