Mambo za Hema la Mjomba

Umeme ukikatika nyumbani kwetu, tunawasha mshumaa. Si kwamba hatuna kurunzi. Tunazo nyingi kuliko kikosi cha zimamoto: ya kushika, ya kufunga kichwani, ya kuning'iniza, ya kuzungusha mpini mpaka iwake, na moja ndogo kama kidole ambayo Mjomba anaapa kwamba inapenya ukungu. Lakini zote ni zake, na kurunzi za Mjomba haziwashwi ovyo. "Zitachakaa," anasema, huku ameshika goti alilogonga kwenye meza gizani.

Mjomba ni karani wa maktaba. Amewekwa kwenye kaunta ya chumba cha kamusi, chumba ambacho watu huingia wakitafuta choo. Kwa kukosa wa kuongea naye, huongea na kamusi, na lugha ikamwingia kama maji kwenye kiatu. Usimtajie "tochi". Ukitaja, hakusikii mpaka useme kurunzi.

Mapenzi yake mengine ni vifaa vya kambi. Ana hema. Ana mifuko ya kulalia, godoro la kupuliza, viti vya kukunja, jiko la gesi lenye ukubwa wa kikombe, na sufuria zinazoingiana moja ndani ya nyingine kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja. Ana chupa ya chai inayotunza joto siku nzima, ndivyo alivyoambiwa, maana haijawahi kuonja chai. Vyote viko chumba cha nyuma, ndani ya nailoni zake. Jioni akitoka kazini hujifungia humo, nasi tunasikia nailoni zikichakarishwa taratibu. Mwanamume mwingine angeshukiwa ana mwanamke. Wetu tunajua ana sufuria.

Kambini kwenyewe hajawahi kwenda. Majani yanampa chafya, na mjusi akiingia sebuleni, anayepanda kiti ni Mjomba. Majirani wa jengo letu wanamwita Bwana Hema. Alijivunia sana jina hilo mpaka fundi friji, anayefanya kazi yake pale chini uani, alipomfafanulia.

"Ndugu yangu, jina limetokana na ngazi. Ukifika ghorofa ya tatu unahema mpaka sisi wa chini tunapata upepo. Hilo hema lako la nguo tumekuja kulisikia baadaye."

Mkaza mjomba wangu, ambaye mimi namwita Anti, ni mkunga. Mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watu watoke mahali padogo hawezi kumwelewa anayejifungia chumba kidogo kwa hiari. Lakini alivumilia, mpaka mama yake alipovimba goti na ikaamuliwa aje kukaa nasi.

"Mama atalala chumba cha nyuma," Anti alisema mezani.

Mjomba aliacha kutafuna. "Kile kina vitu."

"Vitu gani?"

"Vya dharura."

"Dharura ndiyo hiyo inakuja. Ni mama yangu."

Mjomba akageuza macho yake kwangu polepole, kama mtu anayepima kabati litapita mlangoni au halipiti. "Na huyu mpwa wangu je? Diploma kaiacha nusu, chumba kizima anakifanyia nini?"

"Mjomba, mimi angalau nimefika nusu. Hema lako limefika wapi?"

Anti alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alipomaliza kucheka, alikuwa tayari amekata shauri. "Sikiliza, baba. Mama anafika Jumamosi mchana. Ulisimamishe hilo hema hapo uani kwa mikono yako. Mama akilikuta limesimama na wewe umo ndani, vitu vyako havitaguswa, na huyu atahamia kwenye kochi. Akilikuta limelala, vyote vinakwenda kwa yule jamaa wa mitumba. Na kurunzi juu yake."

Mjomba akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. Mimi sikuulizwa. Kitanda changu kikaingia kwenye mashindano bila hata kupasha misuli.

Siku ile ile alifungua mfuko wa hema kwa mara ya kwanza tangu aununue. Baada ya muda akatoka chumba cha nyuma amepauka.

"Mpwa wangu, tumekwisha. Mambo haziko."

"Mambo gani?"

"Mambo za hema. Haziko hata moja."

Nilidhani mshtuko umempanda kichwani. Mtu anayenisahihisha hata nikiwa napiga miayo, leo anasema mambo haziko kama mlevi wa kijiweni! Akaenda kuleta kamusi, akanifungulia, akanisomea kama anayesoma hukumu. Kumbe kuna mambo ambayo ni wingi wa jambo, na kuna mambo nyingine, ndugu yake asiyetembelewa: kijiti au chuma kinachopigiliwa ardhini ili kufungia kamba za hema. Mambo moja, mambo mbili, mambo hizi.

"Si useme tu vigingi, watu wakuelewe?"

"Kigingi hufungiwa mbuzi," akasema, akafunga kamusi.

Akachukua simu amwandikie muuzaji, kijana aliyemuuzia hema. Nilikuwa nyuma ya bega lake, kwa hiyo nasimulia nilichokiona.

*Mambo za hema ziko wapi?*

*Poa kaka! Za hema safi tu, za kwako je?*

*Sina hata moja.*

*Pole sana kaka. Ndiyo maisha, yatapita.*

*Nazihitaji haraka. Nitumie mambo!*

*Poa!*

"Huyu kijana ana matatizo," Mjomba akasema.

"Mjomba, andika vigingi."

"Siandiki."

Aliandika Ijumaa, ameuma meno. Jibu likaja papo hapo: *Aaa, kumbe hizo! Si ungesema. Wiki ijayo utapata.*

Basi Jumamosi ikatukuta tuko uani bila mambo, na ni heri, maana uani kwetu ni saruji tupu. Hata angekuwa nazo angezipigilia kwenye paji la nani? Fundi friji alikuwa ameketi juu ya friji lililokufa, mguu juu ya mguu, anakunywa soda. Amefunga kazi kwa heshima ya tukio.

"Bwana Hema! Mambo?"

"Sina!" Mjomba akafoka.

Fundi alitafakari jibu hilo kwa muda mrefu.

Vyuma viliingiana vizuri. Nguo ikapanda, hema likasimama, Mjomba akafungua mikono kama anayetaka kulikumbatia. Ndipo upepo ukapita. Hema likaanza safari kuelekea kwenye kamba za nguo, kwa adabu, bila haraka, kama mgeni aliyekumbuka ana miadi kwingine. Mjomba akalirukia mlangoni, likamlalia, na kikawa kitu kimoja chenye miguu miwili kinachopiga kelele.

Anti alikuwa amerudi kutoka zamu, bado na sare yake. Akachuchumaa karibu.

"Usisukume kwanza! Vuta pumzi. Enhe. Sasa sukuma, kichwa nakiona!"

Mjomba akazaliwa, miwani imepinda. Simu ya Anti ikalia: teksi ya mama yake imeshaingia mtaani kwetu.

Mjomba akalitazama hema lililolala. Akainua macho mpaka ghorofa ya tatu, dirisha la chumba cha nyuma.

"Mpwa wangu," akasema, "lete vitu."

"Vipi?"

"Vyote."

Ningeweza kupanda ngazi kama konokono, na kitanda changu kingepona. Lakini alikuwa na uso wa mtoto anayesubiri mzazi langoni wakati wenzake wote wameshachukuliwa. Nikakimbia. Hata fundi friji akaacha soda akaja kubeba.

Mjomba alichana nailoni moja moja, kila mchano anafumba macho kama anachomwa sindano. Kamba ya kwanza akaifunga kwenye sufuria zilizojazwa maji. Ya pili kwenye jiko la gesi. Ya tatu kwenye mfuko wenye kurunzi zote. Kona ya mwisho ilihitaji kitu kizito, nami nikaenda kuijaza ile chupa chai ya Anti, ya moto, mpaka juu. Mjomba alipoona mvuke alitoa sauti ndogo. Akaifunga. Hema likatulia. Akaingia na kiti cha kukunja, akaketi, akavuta zipu.

Bibi aliteremka kwenye teksi na fimbo yake, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Shikamoo, Mama!" hema likasema.

"Marahaba. Nyie, mkwe wangu kafanya nini mpaka mmemtoa nje?"

Bibi akalizunguka hema, akigonga kamba kwa fimbo, anazisikiliza. Akafika kwenye sufuria, akasimama.

"Hema zuri. Lakini mambo zake ziko wapi?"

Zipu ikashuka kwa kasi. Kichwa cha Mjomba kikatokeza. "Mama, umesemaje?"

"Mambo zake. Hema gani linafungwa kwenye sufuria? Au siku hizi mnaziitaje?"

"Vigingi, Bibi," fundi friji akajitolea.

"Kigingi hufungiwa mbuzi," akasema Bibi.

Naapa nilimwona Mjomba akivua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Ikabainika kwamba marehemu babu alikuwa mpima ardhi, na Bibi ujana wake wote aliumalizia kwenye mahema, akifuata ramani za mumewe. "Huyu naye," akamwonyesha Anti kwa fimbo, "nilimzaa hemani, mvua inanyesha. Hajawahi kukwambia?"

Anti ghafla akawa anachunguza vifungo vya sare yake.

"Haya, nipishe nikae, goti linauma. Na hiyo chupa ina chai au ni pambo?"

Mkwe hakataliwi. Mjomba akaifungua mwenyewe, akamimina. Bibi akanywa, akasema ina moto wa kweli, na Mjomba akavimba kwa fahari kama yeye ndiye aliyeipika.

"Basi," Anti akasema, "limesimama. Ahadi ni ahadi. Mama utalala chumba cha huyu."

Nilikuwa nimeshaanza kulionea huruma kochi.

"Vitu kama hivi viko chumba gani?" Bibi akauliza.

"Cha nyuma."

"Nitalala hicho. Mwacheni mtoto kwake. Na visitolewe hata kimoja, nitavihitaji."

Na anavihitaji kweli. Jiko dogo liko karibu na kitanda chake, chupa haikauki, kisu cha kukunja kilichokuwa kwenye nailoni kinamenya machungwa. Siku hizi umeme ukikatika, chumba chake kinang'aa kama harusi, nasi tunafuata mwanga. Mjomba akitaka kuona mali yake lazima apige hodi. Kila akikuta mkwaruzo mpya anaugua kimoyomoyo, kisha anaketi, wanaanza kuulizana maneno, na Anti anabaki peke yake sebuleni na nusu ya maneno hayo hayajui.

Wiki iliyofuata, kifurushi kutoka kwa muuzaji kikafika. Mjomba alipanda ngazi zote bila kupumzika, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, anahema kama jina lake.

"Hodi, Mama!" Akavuta pumzi. "Mambo!"

Halafu nikasikia bibi wa watu, mwenye heshima zake zote, akijibu:

"Poa, mkwe wangu. Ingia nazo."