Sindano Kofiani

Kwa miaka arobaini askari wa kikosi kile waliitwa Sindano. Mtu pekee aliyebaki hai anayejua sababu alikuwa akiishi nyumba ya kupanga, chumba cha pili kutoka chooni, dirisha likitazamana na ukuta. Zamani alikuwa karani wa stoo ya sare. Mkewe alishatangulia, na watoto walimpenda kwa simu.

Alhamisi moja mwandishi wa jarida la jeshi akabisha hodi, binti mwenye kinasa sauti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hicho kiti, hicho kina mguu wa bandia."

Binti alitaka kujua jina Sindano lilitoka wapi. Jibu lilikuwa la dakika moja, na mzee akaona dakika moja haitoshi hata kupoza chai. Kwa hiyo akamsimulia safari ya kwenda kambini. Alhamisi ya pili akamsimulia mbwa wa kamanda. Ya tatu, maharage yaliyopikwa wiki tatu bila chumvi.

"Na sindano, afande?"

"Inakuja. Imetembea miaka arobaini, wiki moja itaiua?"

Alhamisi ya nne binti hakugusa chai. "Mzee wangu, leo ndiyo mwisho. Nikirudi mikono mitupu, mhariri ataandika ile ya mazikoni."

Mzee aliijua ile ya mazikoni. Kila alipokwenda kumzika mwenzake, ofisa fulani aliyezaliwa juzi alisimama kando ya kaburi akasema waliitwa Sindano kwa kuwa walitoboa safu za adui kama sindano itoboavyo nguo. Alikuwa ameisikia mara kumi na moja, kofia kifuani, kimya. Ya kumi na mbili ingekuwa yake, na hapo asingeweza kubisha hata akitaka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliambiwa nipime askari, nitume vipimo. Sasa kupima wanaume mia sita wanaocheka ukiwagusa kwapa, unadhani mchezo? Nikampima mmoja, mpiga ngoma wa bendi. Ndiye pekee aliyejua kutulia. Sikukumbuka kwamba tulimwita Mlingoti."

Zikaja sare mia sita, zote za Mlingoti. Gwaride lilikuwa keshokutwa. Kila askari akapewa sindano na uzi, wakakaa mstari mmoja kando ya ua wa kambi, siku mbili, wakipunguza suruali. Wanawake waliokwenda sokoni walisimama kutazama. "Jamani, sindano hizo! Nishoneeni na mimi gauni!" Jina likaganda. Na kwa kuwa uzi ulikuwa wa ovyo, pindo zikifumuka katikati ya saluti, kila mmoja alichomeka sindano yake ndani ya kofia, asiachane nayo.

"Lakini vita mlipigana?"

"Tulipigana. Tumekunja suruali."

Binti alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akazima kinasa sauti.

"Afande, hii wakubwa hawataipitisha."

"Najua."

Mzee akaona kifungo cha mkono wa shati lake kinaning'inia. Akaitungua kofia ukutani, akachomoa sindano, akaanza kushona. Alishona polepole, nyuzi nyingi kuliko haja. Kifungo kile kingedumu kuliko shati.

"Umetulia vizuri," akamwambia. "Ungekuwepo, nisingempima Mlingoti."

Mwezi uliofuata mwenye duka alimletea jarida. Kichwa cha habari: "Sindano: Waliotoboa Safu za Adui." Picha aliyopigwa na binti siku ile ya mwisho ilikuwepo, kofia mkononi, sindano ikionekana vizuri na uzi wake. Maelezo chini ya picha yalisema ni kumbukumbu ya mapigano makali. Cheo chake walikuwa wamekipandisha ngazi mbili.

Alhamisi, mkono ukiwa umeshazoea, alitenga vikombe viwili. Akangoja hadi chai ikapoa. Kisha akavinywa vyote, akianza na cha mgeni, kwa adabu.