Kutoka Upanga Hadi Kariakoo Kutafuta Oili Inakotokea

Safari hii niliianza kwa sababu oili ya gari langu ilikuwa imefika mlangoni kwa Mama Nila. Ninyi jamaa zangu wa Utete huwa mnaniuliza mbona huku mjini watu wazima tunagombana kwa mambo madogo. Someni, kisha mniambie kama hili ni dogo.

Mama Nila ni jirani yangu hapa Upanga kwa miaka mingi. Yeye anakaa chini, mimi ghorofa ya kwanza. Ua wetu una mteremko, na gari langu hulala upande wa juu. Mwanzoni oili ilidondoka tone moja moja, nikamwagia mchanga. Baadaye ikajichimbia njia yake, kama Rufiji inavyofanya huko kwenu, ikashuka taratibu hadi kizingitini kwake. Na Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilikuwa keshokutwa. Kila mwaka katika sikukuu hiyo Mama Nila huchora maua ya unga wa rangi pale mlangoni, ili Lakshmi, mungu wao wa kike wa baraka na mali, aone pa kuingilia.

"Mzee Kondo," aliniambia asubuhi ile, ameshika ufagio, "mgeni wangu anakuja peku. Akiteleza hapa, utamwinua wewe?"

Mdomo wangu haujawahi kunisaidia katika maisha haya. Ulisema, mbele ya mlinzi na majirani waliokuwa wakianika nguo: "Leo hii linakwenda kwa fundi. Likirudi linavuja, nalipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu!"

"Vizuri," akajibu Mama Nila. "Mashahidi tupo."

Nilipogeuka kulitazama gari, nilijuta. Ni gari la zamani, la kabureta, limepinda bampa na mlango mmoja hufunguka kwa ndani tu. Lakini ndani ya gari hilo ndimo marehemu mke wangu alimokuwa akiniambia ukweli. Nyumbani alikuwa na adabu mno. Akikaa kiti cha mbele na mikono yangu iko kwenye usukani, ndipo alipofunguka. Kulipeleka kwenye mizani kungekuwa kama kumnyamazisha mara ya pili.

Saa mbili tulikuwa bado uani. Nasema tulikuwa, kwa sababu Mama Nila alikataa niondoke hivi hivi. "Umeshalipeleka mara ngapi? Kila ukirudi, oili inatoka pengine. Hamjui inakotokea. Ukitaka kujua njia ya panya, unamwaga unga usiku, asubuhi unafuata nyayo."

Basi tukaiosha injini kwa sabuni na brashi mpaka ikang'aa, tukaikausha kwa matambara, kisha akaleta kopo la unga wake wa maua. Mweupe ulikuwa umekwisha. Ukabaki wa waridi, na wa manjano kidogo ndani ya karatasi. Akanyunyiza wa waridi kwa vidole, taratibu, pembe zote, kama mtu anayempaka mtoto poda. Alipomaliza, injini ilifanana na keki. Akapanda kiti cha mbele na kopo lake mapajani.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuachia unga wangu. Halafu nina haja ya utambi wa taa za Diwali, Kariakoo."

Tulipofika makutano ya Fire, foleni ilikuwa imesimama na jua limeshakuwa kali. Jambo tusilolifikiria wote wawili ni feni. Injini ilipopata joto, feni ikaupuliza ule unga, ukapenya kwenye matundu ya hewa na kutujia usoni. Nikapiga chafya, nikakanyaga mafuta badala ya breki, tukamkosa muuza maji kwa upana wa kiganja. Hilo lilikuwa kosa langu, na nilimwomba radhi papo hapo, ila aliponitazama alisahau kutukana. Nilikuwa wa waridi hadi kwenye kope.

Trafiki akatusogelea. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mnatoka harusini?"

"Marahaba," akajibu Mama Nila. "Tunampeleka mgonjwa."

Trafiki akachungulia kiti cha nyuma, hakuona mtu, akatazama moshi wa waridi unaotoka kwenye boneti. "Pita, mama," akasema. "Mpeni pole."

Barabara ya Msimbazi tuliivuka kwa tabu, tukaingia upande wa Gerezani, kwenye mitaa ya spea na mafundi wa Kariakoo. Hapo ndipo ilipo gereji ya Sefu, yaani kipande cha kibaraza, turubai na jeki mbili, mkabala na duka la suti.

Huyu Sefu lazima niwaeleze. Alikuwa amebadilisha gasketi ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili ikatokea kwenye sili ya mbele, ule mpira wa kuizuia. Akabadilisha sili ya mbele, ikatokea ya nyuma. Akaibadilisha nayo, ikatokea juu, kwenye mfuniko wa injini. Mimi sikumlaumu usoni. Nilikwenda kumlaumu Upanga, ghorofa kwa ghorofa, kwamba anatoboa tundu jipya kila anapoziba la zamani ili nirudi.

"Shikamoo mzee wangu," akasema, akifungua boneti. "Leo umeniletea keki?"

Mafundi wa jirani wakajaa. Unga ulikuwa umelowa kila mahali. Popote penye kiungio, pana mstari wa waridi iliyoiva, karibu nyekundu. Mmoja akasema ni sili. Mwingine akasema ni silinda zimechoka. Wa tatu akasema gari limerogwa, na kwa ushahidi uliokuwepo yeye ndiye aliyeaminika zaidi.

"Mzee, ingia ndani," akasema Sefu. "Pandisha moto, nione inaanzia wapi."

Nikaingia. Nikakanyaga. Injini ikanguruma. Sefu akapaza sauti: "Ongeza!" Nikaongeza.

Kilicholia hapo, kililia kama bunduki. Kitu cheusi kiliruka kutoka kwenye injini, kikapita juu ya kichwa cha Sefu, kikavuka barabara na kumpiga mdoli wa kuvishia nguo aliyesimama nje ya duka akiwa na suti ya bwana harusi. Kichwa cha mdoli kikakatika, kikabingirika hadi kwenye miguu ya watu.

Sijapata kuona Kariakoo ikihama namna ile. Wamachinga walikunja turubai zao na bidhaa zote ndani kwa mkono mmoja. Mtu alipiga kelele, "Kauawa! Bwana harusi kauawa!" Hata mimi niliruka nje nikakimbia; Mama Nila peke yake hakukimbia, kwa sababu mlango wa upande wake ndio usiofunguka kwa nje na hakuwa ameambiwa kwamba kwa ndani unafunguka.

Vumbi lilipotulia, mwenye duka akaja, mkono mmoja ameshika kichwa, mkono mwingine ameshika kile kitu cheusi. Akakinusa. Akakikwangua kwa kucha.

"Hili ni gunzi," akasema. "Nani anapiga watu magunzi?"

Sefu akainama ndani ya boneti. Pale juu ya injini palikuwa na bomba dogo, liko wazi, linatoa moshi mwepesi, taratibu, kama mzee aliyepata nafasi ya kukaa. Ni bomba la kupumulia. Injini ikifanya kazi, hewa hujaa ndani yake, nayo hutoka kwa bomba hilo. Ukiliziba, hewa hutafuta pengine pa kutokea, na ikipita kwenye sili inaisukuma oili nje. Ndiyo maana sili mpya na ya zamani zote zilivuja sawasawa.

"Hata mimi," akasema yule fundi wa uchawi, "nilishwe maharage kisha nizibwe, sitachagua pa kutokea."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sefu hakucheka. "Nani aliziba hapa? Mimi siku zote nilidhani ni kizibo cha kiwandani. Nilikuwa nakipangusa vizuri kabisa."

Wote wakamtazama yeye. Fundi wa gari ni yeye, kizibo kilikuwa kwenye kazi yake, na wateja wake wengine wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza. Ningenyamaza, jambo lingekwishia kwake. Mama Nila alinitazama kupitia kioo, uso wa waridi.

"Mimi," nikasema. "Masika yaliyopita moshi wa bomba hilo ulikuwa unaingia ndani ya gari. Nilikuwa nakula hindi la kuchoma. Kwetu mtungi ukivuja, tunaziba kwa gunzi."

"Mzee Kondo," akasema Sefu polepole, "nimeshusha injini hii mara tatu."

"Najua, mwanangu. Na Upanga nimesema wewe ni mwizi."

Hilo la pili hakuwa akilijua. Akachukua gundi ya silikoni ya gasketi, akakipachika kichwa cha mdoli shingoni, akamrudishia mwenye duka. Kilikaa kimegeukia nyuma kidogo, kama mtu aliyeitwa na mkewe. Mwenye duka akasema kinapendeza zaidi. Baada ya hapo Sefu akaunganisha bomba jipya la mpira hadi kwenye kisafisha hewa, akaosha injini upya, na Mama Nila akanyunyizia unga wa manjano uliobaki.

Alasiri, baada ya kununua utambi, tulirudi Upanga. Nililaza gari mahali pake, nikatandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Mlinzi akaleta kiti. Mashahidi wote wakashuka. Jua lilipokuwa linazama, Mama Nila akainama mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya boksi, kisha akapitisha chini ya injini. Kikatoka cha manjano, kikavu.

"Gari halipelekwi kwenye mizani," akasema. "Lakini bado pachafu hapa. Panda ghorofani ukafute ulichomwaga."

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujalala chali chini ya gari kutafuta linakovuja, jiulize kwanza mkono wako mwenyewe ulipita wapi. Nilipanda. Nilibisha kila mlango nikasema Sefu si mwizi, gunzi lilikuwa langu. Kwenye mlango wa juu kabisa kijana alinifungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee Kondo! Tumesikia leo Kariakoo umemkata bwana harusi kichwa."

Nikaomba kiti, nikaanza upya.